Mnakimbia nini, kuna msiba?

Jumapili nimepitwa na bibi wa kizungu. Sio bibi wa miaka hamsini hamsini, bibi kabisa, kichwa cheupe pee, kamshika mjukuu wake mkono wanakimbia taratibu huku wanapiga stori, wakanipita mimi mtoto wa Uyole, Mbeya, niliyekulia kule juu kwenye mita 1,700 na ushee, nimeshika kiuno natafuta pumzi. Akanambia kwa upole jikaze mpenzi, umebakiza kidogo. Nilikuwa sijafika hata nusu.

Ilikuwaje. Hapa Leeds, na Uingereza karibu nzima, kuna kitu wanaita junior parkrun. Kila Jumapili asubuhi watoto wa miaka 4 mpaka 14 wanakimbia kilometa 2 kwenye paki, bure, na wanaosimamia ni watu wa kujitolea, wengi wao wazazi hao hao, wamevaa vizibao vya kung'aa kama trafiki. Mtoto ana kikaratasi chake cha mistari mistari wanakiskani akimaliza, basi. Hakuna kuzomea wa mwisho. Akifikisha mara 11 anapewa kibangili maana kashakimbia kama nusu marathoni, akifika 21 anapewa cha marathoni nzima, na watoto wanavitunza hivyo vibangili utadhani pete ya ndoa.

Wangu ana miaka saba, kakimbia mara 9, na mara zote 9 mimi nilikuwa pembeni na koti langu refu na chai yangu ya kwenye chupa, nachati. Sasa juzi akanigeukia mbele za watu, Mama mbona wewe tu ndo hukimbii? Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Kuna baba mmoja kavaa kaptula kwenye manyunyu, kitambi kimetangulia yeye anafuata, anakimbia na kabinti kake huku anaimba. Mama mwingine anasukuma kigari cha kichanga anakimbia nacho. Nikaweka chai chini kwenye majani, nikakimbia na jinzi na koti. Yaliyobaki mmeshayasoma.

Sasa tangu Jumapili hiyo kuna kitu kinanikereketa na nitakisema najua mtaanza. Hawa wazazi wanacheza na watoto wao. Sisi mchango wa mzazi kwenye mchezo wa mtoto ni sauti ya saa 12 jioni. Mama yangu alikuwa anatokea mlangoni anaita jina langu mara moja, anaita mara ya pili na jina la baba, mara ya tatu anakuja mwenyewe na kifimbo cha mpera, na kama nilikuwa nimepanga makopo yangu ya rede vizuri namna gani ndo mwisho wake. Swali lilikuwa moja, hiyo miguu ndo ya kulala nayo kitandani kwangu? Sikumbuki hata siku moja mtu mzima karusha ule mpira wa soksi. Na simlaumu mama, yule mtu alikuwa anatoka sokoni Mwanjelwa na mgongo umekufa, arushe mpira saa ngapi. Afu hatukuhitaji kuhamasishwa na mtu. Shule kwa mguu, maji madumu mawili kabla ya shule, likizo unapelekwa kwa bibi Tukuyu unapandisha mkungu wa ndizi kwenye ule mteremko mpaka shingo inazama. Kombolela ilikuwa ni ya kupumzikia.

Ila hawa wa sasa ndo nawauliza. Mara ya mwisho nilipokuja nyumbani nilifikia kwa dada yangu, mtaa wa Isyesye hapo hapo Mbeya, na dada akisoma hapa asinune maana nilimwambia mwenyewe usoni. Mtoto wake ana miaka minane. Basi la shule linapiga honi saa 11 na nusu alfajiri, giza totoro na baridi yetu mnaijua, linazunguka Soweto, linakwenda Iyunga, linarudi, saa moja na robo linamshusha shuleni. Shule iko mita kama 600 kutoka getini kwa dada. Nilizihesabu kwa simu! Mtoto kazungushwa mji mzima ili afike mahali ambapo mimi naona paa lake nikisimama kwenye tenki la maji. Jioni anarudi, anakula, ticha wa tuisheni anabisha hodi. Jumamosi remedio. Jumapili kanisani mpaka saa nane. Uani wameweka pavingi, mpira marufuku utavunja kioo, kwaiyo mtoto anakaa na katuni na tablet ambayo, haya nakiri, nilituma mimi.

Nikamuuliza dada kwanini asitembee na dada wa kazi tu. Akanijibu huku anakatakata figiri, hata hakuniangalia: watu watanionaje?

Jamani. Kutembea ni umaskini siku hizi. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani wanataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 achangamshe mwili angalau dakika 60 kwa siku, akasema hao waje basi wamfundishe na hesabu za la nne.

Kesho yake nikasema sasa basi. Nikavaa raba na kitenge juu ya suruali (mnajua kwanini), nikachukua wangu na wa dada, tukatoka mbio ndogo ndogo kwenye barabara ya vumbi. Hatujafika hata kona ya kwanza mama mmoja anayeuza chapati akainuka kwenye kigoda, kashika kifua, "Jamani mama, kuna nini? Nani amefariki?" Nikamwambia hamna mama, tunakimbia tu. Tu? Mbele kidogo bodaboda akapunguza mwendo akaja sambamba na sisi, "Sista pandeni, hata kama huna hela mtanilipa jioni." Ana huruma ya kweli kabisa, tena nusura nipande. Yani mtu mzima akikimbia na watoto Mbeya lazima kuna msiba au kuna mwizi.

Na tena sisi tuna milima mpaka tunagawa! Loleza ile pale inatuangalia kila asubuhi. Wazungu wanakata tiketi ya ndege kuja kuipanda, mtoto wa dada yangu anaijua kama picha ya dirishani. Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo 2025, Mtanzania wa kwanza, nililia kazini, naapa, nikawaonyesha simu wazee ninaowahudumia wote mmoja mmoja, huyu ni wa kwetu. Na nyumbani status zote zikawa bendera. Haya, baada ya bendera ni nani alimtoa mwanae nje akimbie hata mpaka dukani?

Najua mnachoandika saa hizi. Huyu mbeba boksi keshaota mapembe. Ni kweli nabeba boksi, tena naingia shifti ya usiku kugeuza wazee kitandani, Jumapili naenda kwenye hiyo paki sijalala, kwaiyo lile la kusema wazungu wanakimbia kwasababu hawana kazi ya kufanya mnitolee hapa. Na sijasema wametuzidi akili. Hapa England zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano anamaliza shule ya msingi akiwa na unene wa kupindukia, wenyewe wanatangaza, hizi mbio ni za watu waliokwisha kuona moto. Sisi ndo tunaukimbilia huo moto na basi la shule.

Mwingine atasema malori. Hapo sibishani, malori ya Tunduma na zile bajaji hata mimi naziogopa, na kiwanja tulichochezea sisi sasa hivi ni fremu za maduka, rangi ya mtandao wa simu mwanzo mpaka mwisho. Na wa tatu atasema mabinti hawako salama huko nje. Dada yangu, ndo nachosema, toka nae! Hamna aliyesema umwachie mtoto barabara. Baba yupo kwenye kiti cha plastiki anaangalia Simba na Yanga anatukana kocha kwamba wachezaji hawana pumzi, yeye mwenyewe akipanda ngazi mbili anaomba maji. Shemeji, sijakutaja.

Tulikimbia siku nne tu, ya tano ikanyesha. Siku ya nne mtoto wa dada alitutangulia mpaka tukawa tunamwita arudi, na yule mama wa chapati hakuinuka tena, alipunga mwiko.

Juzi dada katuma voice note, dakika tatu na nusu analalamika. Eti mtoto kila jioni anauliza mamdogo anarudi lini, eti siku hizi akifika anarusha begi anazunguka nyumba mbio mara kumi na soksi za shule, ticha wa tuisheni anakaa anamsubiri, na soksi zote zimetoboka kisigino nani atanunua.

Nimempa mtu anayekuja wiki ijayo jozi kumi na mbili.