Masta ya saikolojia Bukavu: ni lazima kweli?

Vijana wanaomaliza lisansi ya saikolojia hapa Bukavu wanaulizana kama inafaa kuendelea na masta ya saikolojia ya kliniki na ushauri nasaha, miaka miwili zaidi katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora). Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 na benki kufunga milango, minervali, yaani karo ya chuo, imekuwa mzigo mzito, kwa hiyo swali lao ni la haki.

Wanaoipinga wana ushahidi. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya huku mashariki, kwa wanawake waliobakwa au kushuhudia ubakaji. Tiba ya vikundi iliendeshwa na APS, maasistanti wa kisaikolojia na kijamii ambao wengine walikuwa na miaka minne tu ya masomo baada ya shule ya msingi. Kiwewe na sonona vilipungua kuliko kwa wanawake waliopewa msaada wa mmoja mmoja, na miezi sita baadaye nafuu ilikuwapo bado.

Sasa masta ya nini? Mimi naona jibu limo katika utafiti uleule: APS hawakuachwa peke yao. Walifundishwa, wakawa na wasimamizi Wakongomani, na nyuma yao wataalamu wa Marekani. Wageni wakirudi kwao, nani atakaa jioni na APS aliyeshinda akisikiliza visa vya kutisha? Nani atamwuliza: yule mama aliponyamaza, wewe ulifanya nini? Nani atatambua kwamba hii si huzuni ya msiba tena, mgonjwa apelekwe SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa mjini?

Ila masta ya kukaa auditwari, kukariri silabasi na kutetea memwari haitoi msimamizi wa namna hiyo. Mwanafunzi anaeleza dalili za kiwewe kwa Kifaransa safi, halafu anakwama mbele ya mama wa Walungu anayesema tu kwamba kichwa kinawaka na usingizi umemkimbia. Bila mwaka mzima wa staji, yaani mazoezi ya kazi, katika hospitali ya Panzi au SOSAME, akiwa na mkubwa wa kazi anayepitia naye kila mgonjwa, ningemshauri kijana asubiri.

Na nafasi za kwanza wapewe APS wenye lisansi ambao wamekwisha fanya kazi hii vijijini. Mashirika yanayowaajiri ndiyo yawalipie minervali, kwa sababu ndiyo yatakayowahitaji kama wasimamizi.