Roma kwa Saa Chache: Achana na Foleni, Fuata Obeliski

Mhudumu wa ndege akipata mapumziko ya chini ya saa 24 mjini Roma, asijifanye mtalii. Mtalii ana siku nne au tano, ana viatu vya kutembelea, na jana usiku alilala. Wewe umetua asubuhi baada ya kukesha na toroli, masikio yameziba, miguu imevimba, na kesho alfajiri simu ya chumbani italia kukuamsha. Hata hivyo, kila ninapopangiwa Roma huwasikia wenzangu ndani ya basi la hoteli wakitaja orodha ileile: Colosseum, Makumbusho ya Vatikani, chemchemi ya Trevi, Pantheon, halafu kulala "kidogo". Nina msimamo tofauti. Kwa muda mfupi namna hiyo, achana na chochote chenye mlango na tiketi. Chagua aina moja ya kitu kinachosimama nje, ukifuate mtaa kwa mtaa. Kwa Roma, kitu hicho ni obeliski, zile nguzo ndefu za mawe ya kale.

Sababu ya kwanza ni ya kikazi kabisa: ratiba yetu haina heshima. Tiketi ya Colosseum ina saa yake na jina lako, kwa hiyo ndege ikichelewa saa mbili, imeliwa. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na siku hiyo foleni yake usiiombe. Hata Pantheon, ambayo zamani mtu aliingia bure akitokea barabarani, tangu Julai 2023 watalii hulipa. Obeliski haijui mambo hayo. Ukitoka saa moja jioni utaikuta. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mwili haujui uko bara gani, utaikuta pia, tena bila mtu aliyenyanyua simu mbele yako.

Sababu ya pili ni kwamba Roma ndiyo mahali pake. Obeliski ni jiwe moja refu la pande nne, jembamba kadiri linavyopanda, lenye kilele cha ncha, na nyingi zilichongwa kwa graniti nyekundu ya Aswan, Misri. Roma ina 13 za kale zilizosimama, kuliko zilizobaki zimesimama Misri yenyewe. Nane zilichongwa Misri kwa amri ya mafarao, na tano zilitengenezwa wakati wa utawala wa Kirumi kwa kuiga zile. Ukizifuata unauona mji kwa upande ambao tiketi haikuonyeshi: unaona jinsi dola ilivyojikusanyia vitu vya watu, na jinsi kila mtawala aliyefuata alivyovihamisha ili jina lake lisomeke chini ya vitu hivyo.

Na safari hiyo inaanza kabla hujatua. Unapokaribia Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, kama zamu imekuweka kwenye kiti cha mlango wa upande unaofaa, chungulia kwenye kile kidirisha. Karibu na uwanja kuna ziwa dogo lenye pembe sita, limenyooka kama limepimwa kwa rula. Hilo ni bwawa la bandari lililochimbwa na kaisari Trajan. Kando yake ndipo ilipokuwa bandari ya kaisari Claudius, ambayo ilijaa mchanga zamani, na sasa bahari imerudi mbali. Kaisari Caligula alipoagiza obeliski kutoka Misri, ile iliyopo leo mbele ya Kanisa la Mtakatifu Petro, ilibebwa na meli kubwa mno kwa zama zile. Baadaye Claudius aliizamisha meli hiyohiyo iwe msingi wa mnara wa taa wa bandari yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya matembezi yako utaifanya ukiwa umefunga mkanda, na bado kazini.

Kisha lala. Naomba hili lisichukuliwe kama ushauri wa mama mkubwa. Sheria za Ulaya zinataka mapumziko ya wafanyakazi wa ndege wakiwa nje ya kituo chao yasipungue saa 10, na ndani yake ipatikane nafasi ya kulala saa 8. Marekani nao walipandisha mapumziko ya wahudumu hadi saa 10 mwaka 2022. Sheria hizo ziliwekwa kwa ajili ya yule abiria ambaye siku ya moshi na kelele atakutegemea ufungue mlango sahihi. Anayezunguka Roma mchana kutwa bila kulala, kisha akapanda ndege amevimba macho, amejipa raha kwa gharama ya watu wengine. Mimi hulala mpaka mchana, hutoka jua likianza kupoa, na saa tatu usiku niko chumbani.

Treni ya moja kwa moja kutoka uwanjani hadi Termini, stesheni kuu, huchukua dakika 32. Toka nje ya stesheni uone uwanja wenye mabasi na teksi na watu wanaokimbilia treni. Unaitwa Piazza dei Cinquecento, kwa kumbukumbu ya wale mia tano, na wengi wanaoukatiza na mabegi yao hawajiulizi ni mia tano gani. Ni askari wa Italia, kwa hesabu ya kukadiria, waliouawa Dogali, Eritrea, Januari 1887, walipozingirwa na jeshi la Ras Alula, jemadari wa Ethiopia. Mnara wao hauko hapo tena, ulihamishwa miaka ya 1920. Tembea dakika chache hadi Viale Luigi Einaudi, kwenye miti, karibu na Mabafu ya Diocletian, nao utauona: obeliski ya farao Ramesses wa Pili, si ndefu, imepandishwa juu ya kitako cha mawe.

Hapa nakushauri ukae. Kuna kivuli, na watu wanaokaa hapo aghalabu wanasubiri treni au wanasubiri mtu, hakuna mtalii. Tazama kile kitako, kisha tazama jiwe la juu. Jiwe lilichongwa kwa ajili ya mfalme wa Kiafrika. Warumi wa kale walilichukua wakalisimamisha kwenye hekalu la Isis, mungu wa kike wa Misri, mjini mwao, likaanguka, likafukiwa, likachimbuliwa mwaka 1883. Miaka minne baadaye serikali ya Italia ilikuwa inatafuta namna ya kuwaomboleza askari waliokwenda kuteka ardhi ya Afrika wakafia huko, na kitu ilichokiona kinafaa kuwa kichwa cha kaburi lao ni hicho. Sidhani kama kuna aliyeona kichekesho kilichomo. Walishazoea kuliona jiwe lile kama la kwao.

Haikuishia hapo. Baada ya Italia ya Mussolini kuivamia Ethiopia, sanamu ya Simba wa Yuda, alama ya wafalme wa Ethiopia, iling'olewa Addis Ababa, ikaletwa kuwekwa kwenye mnara huohuo kama nyara. Mwaka 1938 kijana wa Kieritrea, Zerai Deres, alizusha vurugu mbele ya simba yule akiwa na upanga mkononi. Alikamatwa na hakurudi kwao tena. Simba alirudishwa baadaye. Obeliski na majina ya wafu vikabaki. Kwa dakika ishirini hapo, bila kulipa senti, mtu anajifunza kuhusu Roma na Afrika kuliko anavyoweza kujifunza kwenye foleni ya Colosseum akisukumwa mgongoni na fimbo za kupigia picha.

Ukitaka mwendelezo wa habari hiyo, rudi Termini uchukue treni ya chini ya ardhi, njia ya B, vituo vitatu hadi Circo Massimo. Kituo cha pili ni cha Colosseum, na wasafiri wengi watashuka. Waache washuke. Wewe ukishuka Circo Massimo na kutoka nje utaona jengo kubwa jeupe la FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kabla ya kuwa la FAO, jengo hilo lilihusishwa na wizara iliyosimamia makoloni ya Italia barani Afrika, na mbele yake, mwaka 1937, ndipo iliposimamishwa nguzo iliyochukuliwa Aksum, mji wa kale wa Ethiopia, urefu wa mita 24 hivi, ikiwa imechongwa milango na madirisha ya uongo kama ghorofa. Wataalamu watakwambia ile si obeliski kwa maana kamili. Sawa, ila Waitalia waliichukulia na kuitumia hivyohivyo.

Mkataba wa amani wa 1947 uliitaka Italia irudishe vitu vya Ethiopia. Ilirudi lini? Mwaka 2005. Kila mwaka wa katikati ulikuwa na sababu yake, na sababu iliyopendwa ni kwamba jiwe ni zito mno. Radi ikalipiga 2002, likaharibika kwa juu, ndipo lilipofunguliwa. Lilipelekwa vipande vitatu, kimoja baada ya kingine, ndani ya ndege kubwa ya mizigo, Antonov An-124, na likasimamishwa tena Aksum mwaka 2008. Mimi kama mtu wa ndege habari hii naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Warumi wa kale walijenga meli maalumu ili kuchukua mawe ya watu. Waitalia wa karne ya 20 walidai kwa zaidi ya miaka hamsini kwamba kulirudisha ni taabu. Kumbe lilihitaji ndege yenye tumbo pana, uwanja wa kutua ulioandaliwa, na mtu wa kutia saini.

Nguzo ya Aksum yenyewe hutaiona hapo, na ndiyo maana nakutaka ufike. Mwaka 2009 eneo hilo la Porta Capena lilipewa nguzo mbili ndogo za kale, kuwakumbuka waliouawa Marekani tarehe 11 Septemba 2001. Katika ndege zile nne walikufa wahudumu wenzetu 25. Wenzangu wengi wamelala Roma mara kwa mara na hawana habari kwamba nguzo hizo zipo.

Vuka barabara uteremkie Circus Maximus, kama miguu ingali inakubali. Leo ni bonde la nyasi, watu wanakimbia na kutembeza mbwa. Zamani katikati yake zilisimama obeliski mbili. Moja kaisari Augustus aliitoa Heliopolis, Misri, na sasa iko Piazza del Popolo. Ya pili kaisari Constantius wa Pili aliileta mwaka 357. Ilitoka Karnak, Misri, ilianzwa enzi za farao Thutmose wa Tatu, ina mita 32 na ndiyo ndefu kuliko zote za Misri zilizosimama duniani. Iko Laterano, hapohapo Roma, ambako Papa Sixtus wa Tano aliisimamisha mwaka 1588 baada ya kuchimbuliwa vipande vipande. Papa huyo alikuwa na uchu wa mawe haya. Miaka miwili kabla alimtumia mhandisi Domenico Fontana kuihamishia ile ya Caligula mbele ya Mtakatifu Petro, kwa watu mia tisa, mamia ya mita za kamba, na farasi wa kuzungusha mitambo.

Zipo nyingine ndogo za katikati ya mji ambazo unaweza kuzifuata usiku mmoja kwa mguu. Ya Piazza della Minerva imebebwa na tembo aliyebuniwa na mchongaji Bernini, 1667, mwenye uso wa mnyama aliyechoka kusubiri. Ya Piazza Navona ni ya kuchekesha zaidi: maandishi yake ya Kimisri yanamsifu Domitian, kaisari wa Kirumi, kana kwamba ni farao. Chini yake Bernini aliweka mito minne, na mwenye kuwakilisha Nile amefunikwa kichwa kwa nguo, kwa kuwa Ulaya ya 1651 haikujua mto ule unaanzia wapi. Waliokuwa wakichota maji yake kule juu hawakuulizwa.

Msimamizi wetu mmoja wa kabini, mama ambaye amezunguka dunia kabla hatujajua kufunga skafu, huniambia, "Mdogo wangu, unafika Roma miaka yote hiyo hujaingia Colosseum? Ukiulizwa utasema nini?" Nitasema sijaingia. Likizo yangu ikifika na tiketi ya punguzo ikipatikana, nitakwenda kwa siku zangu mwenyewe, nimelala vizuri, niingie Colosseum na Vatikani kwa utaratibu wake. Huwa namwambia pia kwamba yeye ameingia, ila kwa saa moja, macho kwenye saa ya mkononi, na anachokumbuka ni ngazi. Hucheka, lakini hajanipinga.

Sisemi obeliski ndiyo jibu la kila mji. Mji mwingine utafuata madaraja, mwingine malango ya kuta za kale, mwingine visima. Masharti yangu ni mawili tu: kiwe nje, na kiwe kinakupeleka mahali ambapo wenzako hawashuki.

Kwa Roma, ukibanwa kabisa, tuseme ndege imechelewa, hoteli iko mbali na umebakiwa na saa tatu za kutoka, usianze na Laterano kwa sababu ya ukubwa wake. Anza na ile ya Dogali. Iko karibu na stesheni utakayoshukia, na ndiyo hiyohiyo utakayopandia treni ya kurudi. Simu ya ofisi ya ratiba ikilia kwamba muda wa kuripoti umeletwa mapema zaidi, jambo ambalo hutokea, utakuwa umeshaona moja, na hujakimbia.