Mkono mtupu haulambwi, hata kwenye kampeni

Kila uchaguzi ukikaribia, malalamiko mawili hurudi kwa pamoja: fedha zimezidi kwenye siasa, na wananchi wanazidi kususia kura. Wengi huyaona kama ugonjwa mmoja. Zuia fedha za matajiri, wanasema, na mwananchi wa kawaida atarudi mwenyewe kituoni. Nimewahi kuiamini hesabu hiyo. Siku hizi naitilia shaka.

Tazama Uingereza. Tangu 1883 sheria inamwekea kila mgombea ubunge kikomo cha matumizi, na matangazo ya kisiasa ya kulipia yamepigwa marufuku kwenye televisheni na redio. Hata hivyo, mwaka 2024 waliopiga kura walikuwa kama asilimia 60 tu ya walioandikishwa. Marekani mambo ni kinyume. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya Citizens United kwamba kampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia fedha bila kikomo kwenye uchaguzi, mradi visipange mambo na mgombea. Miaka kumi baadaye, katika uchaguzi uliovunja rekodi ya gharama, karibu theluthi mbili ya wenye haki ya kupiga kura walipiga, kiwango cha juu kuliko chochote kwa zaidi ya karne. Sidai kwamba fedha ndizo zilizowatoa nyumbani. Kulikuwa na kura za posta kwa sababu ya janga la korona, na kulikuwa na Trump, ambaye hakumwacha mtu baridi. Ila inatosha kuonyesha kwamba ukipunguza fedha, watu hawaongezeki wenyewe.

Wanaopinga vikomo wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kampeni ni mawasiliano, na mawasiliano yana gharama: ukumbi, mafuta ya gari, vipeperushi, vijana wa kupita mlango kwa mlango. Ndiyo maana mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, mahakama hiyo hiyo ya Marekani ilisema kumbana mgombea kwenye matumizi ni kumbana kwenye kusema, ingawa iliruhusu michango iwekewe kikomo kwa kuhofia rushwa. Kisha kuna suala la aliye madarakani. Huyo jina lake linajulikana tayari, na kila akizindua mradi yuko kwenye habari. Anayehitaji fedha zaidi ni mgeni asiyejulikana, naye ndiye anayeumia kikomo kikiwa cha chini.

Na kikomo kinapangwa na nani? Na wale wale waliokwisha kushinda bila hicho kikomo. Kenya ilipitisha sheria ya ufadhili wa kampeni mwaka 2013. Uchaguzi wa 2017 ulipofika ilikuwa imewekwa kando. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi ikatangaza viwango, mahakama ikavibatilisha kwa kuwa havikuwa vimepitishwa na bunge, na mwaka 2022 wagombea wakaingia uwanjani bila kikomo chochote. Sheria ipo, lakini kwenye karatasi.

Wenye mtazamo huo hupenda pia kumtaja Clive Palmer, bilionea wa Australia aliyetumia makumi ya mamilioni ya dola kwenye uchaguzi wa 2019 na chama chake kikaambulia patupu, bila hata kiti kimoja. Basi fedha hazinunui kura, wanahitimisha.

Hapo ndipo naachana nao. Palmer mwenyewe hakulalamika kwamba kapata hasara. Alijisifu kwamba matangazo yake ndiyo yaliyokizuia chama cha Labor kuingia madarakani. Mfadhili mkubwa hahitaji kiti. Anahitaji simu yake ipokelewe miaka minne mfululizo baada ya siku ya kura, na kabla ya siku hiyo anahitaji mtu asiyemfaa asifike kabisa kwenye karatasi ya kura. Mwalimu mwenye akili na uchungu na watu wake, akipiga hesabu ya gharama za kugombea, hakati tamaa hadharani. Hachukui fomu tu. Hakuna takwimu inayomhesabu huyo.

Upande wa mwananchi nao si msafi. Tanzania iliwahi kuruhusu takrima kisheria: marekebisho ya mwaka 2000 yalisema ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura si rushwa. Mahakama Kuu iliyafuta mwaka 2006, na nadhani ilifanya vyema, maana ukarimu wa kimila mara nyingi hauna tarehe ya uchaguzi. Lakini simlaumu sana anayepokea. Kama siasa inamfikia mara moja kila miaka mitano, kuchukua kinachotolewa siku hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu.

Je, tuwalazimishe watu wapige kura? Australia ilifanya hivyo mwaka 1924, na waliojitokeza wakapanda kutoka chini ya asilimia 60 hadi zaidi ya 90 katika uchaguzi uliofuata. Faini ya shirikisho ni dola 20 tu. Kwa jambo hilo chama hakihitaji kutapanya fedha kuwatoa watu majumbani. Ila Palmer alimwaga zake huko huko.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la mji wa Seattle, Marekani. Mwaka 2015 wapiga kura wake walikubali kodi ya majengo ya dola milioni 3 kwa mwaka ili kila mpiga kura atumiwe kwa posta vocha nne, kila moja ya dola 25. Ukiipokea unaandika jina la mgombea, unaweka tarehe na saini, unampa. Mgombea anayezipokea anakubali masharti ya kikomo. Zilianza kutumika 2017, na hata mkazi wa kudumu asiye raia, ambaye hana kura, anaweza kuziomba. Kinachobadilika ni ratiba ya mgombea. Jioni aliyokuwa aitumie kwenye chakula cha wafadhili, sasa ina faida akiipitisha kwenye ngazi za jengo la wapangaji, kalamu mkononi, kwa sababu kila mlango una dola 100.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Vocha haziwagusi wanaotumia fedha nje ya kampeni za wagombea. Mwaka 2019 Amazon ilichangia takriban dola milioni moja na nusu kwa kundi la aina hiyo ili kubadilisha baraza la mji, ingawa wengi wa iliowaunga mkono walishindwa. Wakazi wanaozitumia hawafiki hata mmoja kati ya kumi, na waliotangulia kuzitumia wana umri mkubwa na kipato cha juu kidogo kuliko wastani wa mji, japo wanaukaribia kuliko wachangiaji wa fedha taslimu. Halafu fedha za umma hudumu pale tu zinapokuwa za kutosha: ruzuku ya kampeni za urais Marekani ilikufa pole pole baada ya Obama kuikataa mwaka 2008, alipogundua angekusanya mara nyingi zaidi ya dola milioni 84 ambazo mpinzani wake McCain alizichukua.

Hata hivyo, nikilazimika kuchagua kati ya kikomo kinachoandikwa na wabunge na vocha inayomsukuma mgombea kwenye mlango wa mtu, nachukua vocha. Muda wa ile kodi ya Seattle ulipokaribia kuisha, mji uliwauliza wapiga kura wake Agosti 2025 kama waendelee kulipa, tena kiasi kikubwa zaidi. Wengi walisema ndiyo, wakiwemo, bila shaka, watu ambao vocha zao ziliishia kwenye droo.