Allan Pettersson sio "mtu wa huzuni tu"
Nimesoma makala yote kuhusu Allan Pettersson, yule mtunzi wa muziki wa Sweden, asante mwandishi, ila hapo uliposema simfoni zake (zile kazi ndefu za okestra) ni malalamiko tu ya mgonjwa hapana jamani, hapo sikubaliani kabisa. Huyu kakulia mtaa wa Södermalm kule Stockholm kwenye umaskini hasa, baba mhunzi na mlevi, vayolini yake ya kwanza kanunua mwenyewe kwa hela ya kuuza kadi za Krismasi akiwa bado mtoto, alafu akaja kupiga viola (kama vayolini ila kubwa kidogo) kwenye okestra zaidi ya miaka 10. Baridi yabisi ndo ikaja kumharibu mikono. Mama yangu anao huo ugonjwa, asubuhi hata kufunga kifungo cha gauni anashindwa, sasa we fikiria mtu wa hivyo anaandika kwa mkono kurasa na kurasa za okestra nzima, na mwaka 1970 alilazwa miezi 9 na bado akaanza Simfoni ya 10 hukohuko kitandani!!

Naomba msikilize ile Simfoni ya 7, Antal Doráti ndo aliongoza okestra ilipopigwa mara ya kwanza Stockholm 1968. Ni dakika 40 na kitu bila kupumzika, vurugu inakubana kifua mpaka unataka kuzima, vumilia tu, kuna sehemu vayolini zinaingia taratibu, laini, kama mtu anambembeleza mtoto aliyelia akachoka. Mimi hapo nalia kila mara. Huyo ni mtu anayefariji wenzake, sio analalamika.