Mtabiri wa Hali ya Hewa Arudi Kesho Yake Atuambie Ilikuwaje

Taarifa ya habari ikielekea ukingoni, mtabiri anasimama mbele ya ramani yenye mawingu na majua madogo madogo, anasoma: mvua katika maeneo machache ya mikoa ya Dar es Salaam, Tanga, Pwani ikijumuisha visiwa vya Mafia, Lindi na Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Kisha matangazo. Kesho yake inanyesha Mbagala, Tegeta jua linawaka, na mkazi wa Tegeta anasema hawa watu waongo.

Si waongo. Aliposema "maeneo machache" alimaanisha hivyo hasa, kwamba wengine watalowa na wengine hawataiona hata tone. Kosa ni la vituo vyetu vya televisheni, vinavyompa muda wa kutabiri tu na kumnyima muda wa kueleza yaliyotokea.

Aprili 2021 tulitahadharishwa kuhusu Kimbunga Jobo. Kikaishiwa nguvu kabla ya kuleta madhara tuliyoyahofia, na mtaani kwetu watu wakasema tumetishwa bure. Mei 2024 kikaja Hidaya. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, kimbunga kikafifia maeneo ya Mafia, na wengi tukashusha pumzi. Lakini upepo ukipungua, maji yaliyobebwa na mawingu hayaendi popote. Mvua ile ilikata barabara ya Lindi pale Somanga, na abiria wakakwama huku na huku. Jambo hilo lilihitaji mtaalamu aliyesimama mbele ya ramani, akaonyesha kwa kidole, bila haraka.

Na wavuvi? Upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 husomwa mwishoni kabisa, mbio mbio, ilhali ndiyo habari inayoamua kama ngalawa itatoka au italala ufukweni. Kipindi cha kusi, upepo mkali utokao kusini, ningependa bahari itangulie, joto la mijini lifuate. Na rangi zile za ramani zinazoonyesha ukubwa wa hatari zitajwe maana yake kila mara zinapotumika: njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Jirani zangu wengi wanaziona kama pambo la ramani.

Naviomba vituo vimwongezee mtabiri dakika mbili, na aanze nazo kwa kutueleza ya jana: wapi ilinyesha, wapi haikunyesha, na kwa nini.