Vinundu vya bahari kuu: ni kuvuna au kuchimba?

Wanaotetea uchimbaji wa madini katika bahari kuu wana neno wanalolipenda: kuvuna. Vinundu vya manganizi, yaani madonge yenye metali yaliyo kwenye sakafu ya bahari, wanasema, vimelala tu juu ya tope. Havitaki baruti wala shimo, kazi ni kuviokota. Neno hilo linanikera, na sababu inaonekana ukipasua kinundu kimoja katikati.

Kwa nje kinafanana na kiazi cheusi. Ndani, pengine utakuta jino la papa, na kulizunguka kuna tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu. Manganizi na chuma vilivyomo katika maji ya bahari ni haba mno, lakini mbele ya oksijeni hugeuka oksidi na kung'ang'ania kitu chochote kigumu. Uso wa oksidi ya manganizi una chaji hasi, hivyo huvuta ayoni, yaani chembe za metali zenye chaji, zilizo na chaji chanya: nikeli, shaba, kobalti. Kobalti ikishatua hapo hupokonywa elektroni na kunaswa, isitoke tena kirahisi. Metali nyingine hupanda kutoka kwenye maji yaliyo ndani ya tope. Kwa kazi yote hiyo, kinundu huongezeka milimita chache, au makumi machache kikienda mbio, kwa kila miaka milioni 1.

Kuna madini mengine ya bahari yanayokua upesi kweli. Maji huzama kwenye nyufa za miamba ya sakafu ya bahari, hupashwa moto na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, huchota metali na kurudi juu yakiwa na joto la nyuzi zaidi ya 350 za Selsiasi. Yakigusa maji baridi, sulfidi (misombo ya salfa) za shaba, zinki na chuma huganda ghafla na kujenga minara, ambayo inaweza kurefuka sentimita kadhaa kwa siku. Lakini minara hiyo inayoendelea kutoa maji ya moto ni makazi ya viumbe wasioishi kwingine, na anayetaka kuigusa ana kesi ngumu zaidi.

Kwa hiyo macho ya wengi yako kwenye vinundu, hasa eneo la Clarion-Clipperton kati ya Hawaii na Meksiko, kina cha mita 4,000 na zaidi. Hoja yao ina uzito. Kinundu cha huko kina manganizi karibu asilimia 30, na nikeli na shaba kila moja zaidi ya asilimia 1, ilhali migodi mingi ya shaba ya nchi kavu huchimba mwamba usiofika asilimia hiyo. Nikeli ya nchi kavu nayo hufyekewa misitu ya tropiki. Anayepinga asijifanye haoni misitu hiyo.

Hata hivyo, mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani waliburuta plau kwenye Bonde la Peru, katika sakafu ya Pasifiki, wakavifukia vinundu ili kupima athari za uchimbaji. Waliporudi mwaka 2015, mitaro ilikuwa ingali inaonekana. Miaka 26, na tope halijasawazika.

Nikipima pande zote mbili, naweza kumsikiliza mtu anayesema dunia inahitaji nikeli hii na iko tayari kulipa gharama yake. Simkubali anayesema anavuna. Sponji wa kina hicho husimama juu ya bua refu lililojishikiza kwenye kinundu, kwa sababu kandokando yote ni tope laini. Kinundu kikiondolewa, mtoto wa sponji huyo hana pa kushika.