Salfa si dawa ya kila doa la mkorosho

Mkulima wa Tandahimba akiona majani ya mkorosho yana madoa, kinachomjia kwanza ni mfuko wa salfa. Bwana shamba anayemwambia alitazame doa kwanza huonekana mchelewesha kazi.

Hofu ya mkulima ina msingi. Ubwiriunga, ugonjwa unaofunika majani na maua ya mkorosho kwa unga mweupe, uliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na uzalishaji wa korosho uliokuwa tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 ukaporomoka hadi tani 16,500 hivi mwaka 1986/87. Wakulima kuhamishiwa vijijini nako kulichangia, ila ua lililoshikwa na unga ule halizai, na salfa hukinga, haiponyi.

Lakini ubwiriunga ni kuvu. Pitisha kidole: unga mweupe ukifutika, ndio wenyewe. Doa lenye pembe, lililobanwa na mishipa ya jani, ambalo ukilielekeza juani linaonekana kama limelowa, linatia shaka ya bakteria. Brazil na Burkina Faso mikorosho imeshaugua bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Huingia kwenye majeraha na vitundu vya jani, husambazwa na matone ya mvua na panga chafu. Salfa haiwafanyi kitu. Dawa za shaba hupunguza kuenea tu. Kinachosaidia ni kukata tawi chini ya palipougua, miti ikiwa mikavu, kulichoma, na kufuta msumeno kwa jiki sehemu 1 na maji sehemu 9 kabla ya kugusa mti mwingine.

Halafu kuna hesabu isiyosemwa. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari ina miti 28. Gramu 250 za salfa kila mti, mizunguko 5 ya kupuliza, ni kilo 35 kwa msimu. Inayodondoka chini hugeuzwa asidi na bakteria wa udongo, na kila kilo 1 iliyogeuka hudai chokaa kama kilo 3 kuondoa asidi hiyo. Hata ikidondoka nusu tu, ni zaidi ya kilo 50 za chokaa kwa ekari kila mwaka. Nani anaimwaga chokaa hiyo? Na kwenye mchanga huohuo ndiko tunakopanda mihogo na mbaazi.

Kutazama kwanza si kukunja mikono. Miti inayochanua ipulizwe alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Ile yenye madoa ya pembe isiyo na unga iachwe, majani yake yafungwe kwenye karatasi, si nailoni, yapelekwe kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, Mtwara.